"Petit Pays": Riwaya ya Ziwa Tanganyika, filamu ya Ziwa Kivu

Jioni, mvua ikiwa imekatika na anga kutakata, mtu aliyesimama ufukweni Kavimvira, kaskazini mwa mji wa Uvira, huziona taa za Bujumbura zikiwaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kwa barabara, kupitia Gatumba, ni mwendo wa takriban kilomita 30. Watu wa miji hii miwili hula ndagala wa ziwa moja, huoana, huzikana, na hukimbiliana pale bunduki zinapolia upande mmoja.

Ndiyo maana kwa msomaji wa Uvira riwaya ya Gaël Faye iitwayo "Petit Pays", yaani Nchi Ndogo, si hadithi ya mbali. Ni hadithi ya mtoto wa jirani. Na kitabu hicho kilipotangazwa kuwa kitageuzwa filamu, kwa wakazi wa mwambao huu wa kaskazini swali halikuwa tu nani ataigiza na itatoka lini. Lilikuwepo swali jingine: je, ziwa litakaloonekana ni hili?

Jibu likawa hapana. Filamu hiyo, iliyoongozwa na Mfaransa Éric Barbier, ilipigwa nchini Rwanda, katika mji wa Gisenyi ulio kando ya Ziwa Kivu. Ilitoka katika kumbi za Ufaransa tarehe 28 Agosti 2020. Miaka imepita tangu hapo, na katika mji unaoziona taa za Bujumbura kila usiku, kuisubiri filamu hiyo hakujaisha kwa namna moja: bado haijaja kuoneshwa mbele ya umma wa ziwa lenyewe kama inavyostahili.

Mtoto wa kichochoro cha Kinanira

Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda. Mwaka 1995, Burundi ikiwa imetumbukia vitani, alipelekwa Ufaransa. Huko alikua, akasoma, akafanya kazi, kisha akawa mwanamuziki wa rap. Albamu yake ya mwaka 2013, "Pili Pili sur un croissant au beurre", ilikuwa na wimbo uitwao "Petit Pays". Miaka mitatu baadaye jina hilo likawa jina la riwaya, iliyochapishwa na kampuni ya Grasset mnamo Agosti 2016.

Msimulizi ni Gabriel, anayeitwa Gaby, mvulana wa umri wa miaka kumi hivi. Anaishi na dada yake Ana katika kichochoro kimoja cha mtaa wa Kinanira, Bujumbura. Ana kundi lake la marafiki, wakiwemo Gino, Armand na mapacha wawili. Wanaiba maembe, wanaogelea, wanagombana na kupatana. Mapema katika kitabu familia inasafiri hadi Bukavu, Zaire ya wakati ule, kumtembelea Mbelgiji mzee aitwaye Jacques. Anayeijua barabara hiyo anaijua bila kuambiwa: Gatumba, mpaka, Uvira, kisha uwanda wa Ruzizi kupitia Sange na Luvungi hadi Kamanyola, na hatimaye kona za milimani.

Halafu dunia ya Gaby inaanza kupasuka. Wazazi wanatengana. Mwaka 1993 Burundi inapiga kura na Melchior Ndadaye anachaguliwa kuwa rais mnamo Juni. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo anauawa. Aprili 1994 yanaanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, na mama yake Gaby anakwenda kuwatafuta ndugu zake. Anarudi akiwa si yule aliyeondoka. Yote haya msomaji anayaona kwa macho ya mtoto ambaye hataki kuchagua upande, lakini watu wazima na hata marafiki zake wanamlazimisha achague.

Kitabu hakikuandikwa kama kitabu cha watoto, lakini vijana ndio waliokishika na kutokiachia. Mnamo Novemba 2016 kilishinda tuzo ya Goncourt des lycéens, ambayo mshindi wake huchaguliwa na wanafunzi wa sekondari wapatao 2,000 nchini Ufaransa baada ya kusoma na kujadiliana darasani. Tangu hapo kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 30 na kufundishwa mashuleni. Mtoto wa kichochoro cha Bujumbura amekuwa rafiki wa wanafunzi ambao hawajawahi kuiona Afrika.

Miaka ya kusubiri

Kitabu kikipendwa, kila msomaji huwa ameshaipiga filamu yake kichwani. Anaujua uso wa Gaby, anaijua sauti ya mama, anakijua kichochoro kilivyokaa. Tangazo la filamu halisi huleta furaha na hofu kwa pamoja. Je, watamharibu? Watayakata yale mambo madogo, kama ule wizi wa maembe, na kubakiza damu tu?

Kwa "Petit Pays" hofu hiyo ilikuwa na msingi. Nguvu ya riwaya haiko katika vita. Iko katika siku za kawaida zilizotangulia vita, ambazo mtoto hakujua kuwa zina thamani mpaka zilipoisha. Filamu ina muda wa saa mbili hivi, na mara nyingi siku za kawaida ndizo za kwanza kutupwa.

Éric Barbier hakuwa mgeni wa kazi ya aina hii. Mwaka 2017 alikuwa ametoa filamu iliyotokana na kitabu cha Romain Gary, "La Promesse de l'aube", nacho ni kitabu cha mwana na mama yake. Kwa "Petit Pays" alimchagua mwigizaji maarufu wa Ufaransa, Jean-Paul Rouve, kuwa baba. Mama akawa Isabelle Kabano, mwigizaji Mnyarwanda. Gaby akaigizwa na kijana Djibril Vancoppenolle, na Ana na msichana Dayla De Medina. Kamera zilianza kazi Rwanda mwaka 2019.

Tarehe ya kutoka ilipangwa kuwa 18 Machi 2020. Siku chache kabla ya hapo, serikali ya Ufaransa ilifunga kumbi zote za sinema kwa sababu ya korona. Waliokuwa wakihesabu siku wakaanza kuhesabu miezi. Filamu ikasogezwa hadi mwishoni mwa Agosti.

Huku Uvira miezi hiyohiyo ilikuwa na habari nyingine. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha, mto Mulongwe ukavunja kingo zake, maji na mawe ya kutoka milima ya Mitumba yakapita katikati ya makazi. Makumi ya watu walifariki na maelfu wakabaki bila nyumba. Ng'ambo, Gatumba nayo ilizama kwa maji ya Ruzizi. Mwambao ule ule ambao filamu ilikuwa inakwenda kuusimulia Ufaransa ulikuwa unahesabu maiti na kutafuta mahali pa kulala.

Ziwa linaloigizwa na maji mengine

Kwa nini filamu haikupigwa Bujumbura? Sababu inajulikana na kila mtu wa mwambao huu. Tangu Aprili 2015, pale Rais Pierre Nkurunziza alipotangaza kuwania muhula wa tatu, Burundi iliingia katika msukosuko mkubwa wa kisiasa. Warundi wengi waliikimbia nchi. Baadhi yao walivuka kuja Kongo na kupokelewa katika kambi ya Lusenda, wilayani Fizi, kusini mwa Uvira. Kuleta watoto, kamera na umati wa waigizaji kuigiza vita katika mji ambao jeraha lake lilikuwa bichi halikuwa jambo jepesi. Gisenyi ikachukua nafasi ya Bujumbura.

Mtazamaji wa Paris hawezi kuona tofauti. Mvuvi wa Kalundu ataiona kabla kikombe cha chai hakijapoa. Ziwa Kivu liko juu, mita zipatazo 1,460 kutoka usawa wa bahari, na vilima vyake hushuka hadi majini. Tanganyika liko chini, mita 770 hivi, na upande wa Bujumbura ufuko wake ni tambarare, wenye joto na minazi ya kando ya maji. Kivu halina mamba wala viboko. Bujumbura, viboko hutoka majini usiku kula majani, na mtoto hufundishwa kuyaogopa maji ya mdomo wa Ruzizi kabla hajafundishwa kuogelea.

Si mara ya kwanza kwa ziwa hili kuigizwa na maji mengine. Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alichapisha riwaya "The African Queen". Nyuma yake kuna kisa cha kweli cha Ziwa Tanganyika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo Waingereza walizivuta boti mbili, Mimi na Toutou, kwa reli na nchi kavu kutoka Cape Town ili kupambana na meli za Wajerumani. Forester alibadilisha majina. Filamu yake, iliyotoka mwaka 1951 chini ya uongozi wa John Huston, ikapigwa kwenye mto Ruiki ndani ya Kongo, kwenye maji ya Uganda, na studio za Uingereza. Humphrey Bogart akapata Oscar. Ziwa lenyewe halikuonekana, ingawa meli kubwa ya Wajerumani ya kisa hicho, Graf von Götzen, iliibuliwa kutoka majini na ikawa Liemba, iliyosafirisha abiria wa ziwa hili kwa miongo mingi.

Mwaka 2007 ikaja "Primeval", filamu ya Marekani iliyomchukua Gustave, yule mamba mkubwa anayesimuliwa na wavuvi wa mdomo wa Ruzizi na mwambao wa Burundi. Kila mtoto wa Uvira amewahi kutishwa kwa jina la Gustave ili asichelewe kutoka majini. Filamu hiyo ilipigwa Afrika Kusini.

Kwa hiyo zimekuwa tatu. Hadithi imechukuliwa hapa, picha zimechukuliwa kwingine. Kwa msomaji aliyetazamia kuuona ufuko wake kwenye kioo, hilo si jambo dogo. Mahali ambapo hapaonekani kamwe kwa sura yake huanza kufikiriwa kuwa hapafai kuonekana.

Wengine walionekana kwao

Inawezekana kufanya vingine, na mifano iko karibu. Kisa cha William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyejenga kinu cha upepo kwa vyuma chakavu, kilitoka kama kitabu mwaka 2009 na baadaye kikapata toleo la watoto lenye picha. Mwigizaji Chiwetel Ejiofor alipokigeuza filamu, "The Boy Who Harnessed the Wind", alikwenda kuipiga Malawi kwenyewe, na waigizaji wake wakazungumza Kichewa pamoja na Kiingereza. Filamu ilitoka mwaka 2019.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Mira Nair alikuwa ametoa "Queen of Katwe", kutokana na kitabu cha Tim Crothers kuhusu Phiona Mutesi, msichana wa Kampala aliyeinuka kupitia mchezo wa sataranji. Sehemu ya filamu ilipigwa Afrika Kusini, lakini vichochoro vya Katwe vilionekana, matope yake yalionekana, na watoto wa mitaa ya Kampala walipata nafasi ya kuigiza.

Hata Bujumbura yenyewe ilishawahi kujiona. Mwaka 1992, miaka ileile ambayo Gaby wa riwaya alikuwa akiiba maembe, mwanamuziki na mwongozaji Léonce Ngabo alitoa "Gito l'ingrat", filamu ndefu ya kwanza ya kuigiza ya Burundi. Inamhusu kijana aliyerudi kutoka Ulaya na shahada mkononi akidhani cheo kinamngoja. Mji ulicheka ukijitazama. Mwaka uliofuata rais aliuawa, na kicheko kile kikakatika.

Filamu hufikaje Uvira

Uvira watu hutazama filamu. Huzitazama kwenye vibanda vya video, ambako mwenye kiti cha mbele ni aliyewahi. Huzitazama nyumbani umeme ukiwepo, na kwenye simu ambazo memori kadi zake zimejazwa mtaani kwa franga chache. Za mapigano za Marekani, za China, za Nigeria, na mechi za mpira, zote hufika. Filamu ya Kifaransa inayokwenda polepole, yenye mtoto anayefikiri, haina njia nyepesi ya kupita hapo.

Kikwazo kimoja ni lugha. Mtoto wa Uvira huongea Kiswahili mtaani, na nyumbani pengine Kifuliru, Kivira, Kibembe, Kinyamulenge au Kirundi. Kifaransa hukutana nacho shuleni. Dawa ya kikwazo hiki ipo tayari Afrika Mashariki. Rwanda na Uganda, wasimulizi hukaa mbele ya filamu ya kigeni na kuieleza upya kwa lugha ya watu, wakiongeza utani na maonyo. Tanzania nayo ina filamu zilizotafsiriwa kwa sauti, na watu hununua jina la msimulizi kuliko jina la mwigizaji. "Petit Pays" ikisimuliwa kwa Kiswahili cha Uvira, babu na mjukuu wangeweza kuitazama kwenye benchi moja.

Kitabu chenyewe kimeendelea kutafuta milango. Mwaka 2024 kilitoka kama hadithi ya picha, kazi ya Marzena Sowa na mchoraji Sylvain Savoia. Mwaka 2025 tamthilia iliyotokana nacho, "Gahugu Gato", iliyoigizwa kwa Kinyarwanda, ilipanda jukwaani katika tamasha la Avignon, Ufaransa. Hadithi iliyoandikwa kwa Kifaransa ilisikika ng'ambo ya bahari kwa lugha ya mama yake Gaby. Kusikika kwa Kiswahili kando ya Tanganyika si ndoto ya ajabu.

Vifaa vya kuifikisha navyo vinajulikana. Tamasha la filamu la Rwanda, lililoanzishwa na Eric Kabera mwaka 2005, lilipata jina la Hillywood kwa sababu ya kuzipeleka filamu vijijini, juu ya vilima, kwa skrini kubwa inayojazwa upepo. Bujumbura ina tamasha lake, FESTICAB, tangu mwaka 2009. Goma, kituo cha Yole!Africa kimewafundisha vijana kutengeneza na kuonesha filamu katikati ya vita. Kinachohitajika Uvira ni uwanja, jenereta, kitambaa cheupe na usiku mmoja wa amani.

Usiku mmoja wa amani

Hicho cha mwisho ndicho kigumu. Mnamo Februari 2025 waasi wa M23 waliuteka Bukavu, na maelfu ya watu wa uwanda wa Ruzizi walivuka mto kuingia Burundi, wengi wao wakilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Desemba mwaka huohuo waasi waliingia Uvira. Tena watu wakabeba magodoro na watoto mgongoni kuelekea mpakani, barabara ile ile ya Gatumba.

Kila upande wa maji haya umewahi kuwa mwenyeji na umewahi kuwa mgeni. Ndadaye alipouawa, Warundi walikuja huku. Mwaka 1996, vita vilipoanza Uvira, watu wa huku walikwenda kule. Mwaka 2015 Warundi walirudi huku. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Wakongo. Watoto waliolala Rugombo wana umri wa Gaby. Wanajua, bila kufundishwa na mtu, maana ya kuulizwa wewe ni wa kabila gani na mtu ambaye jibu lako linaweza kumkasirisha.

Katika riwaya yupo jirani mmoja Mgiriki, Bibi Economopoulos, mwenye nyumba iliyojaa vitabu. Mji unapowaka moto na marafiki wanapozungumzia silaha, Gaby huvuka kichochoro na kuazima kitabu. Anarudisha, anaazima kingine. Vitabu havizuii risasi, lakini vinampa mahali ambapo hatakiwi kuchukua upande. Katika hadithi nzima, hakuna zawadi kubwa aliyopewa na mtu mzima kuliko hiyo.

Kwa mtoto wa Mulongwe au Kasenga, filamu ya "Petit Pays" ingeweza kuwa kitabu cha kuazima cha namna hiyo. Angemwona mtoto wa ng'ambo, ambaye redioni husikika kama adui au kama mkimbizi, akiwa mtoto tu: mwenye baiskeli, mwenye deni la maembe, anayemwogopa baba yake akinuna. Hilo ndilo lenye uzito katika kungoja huku, kuliko tuzo na majina ya waigizaji.

Na pengine ziwa la kuazimwa halitamsumbua sana. Mwishoni mwa miaka ya 1950, samaki wadogo wa Tanganyika walichukuliwa wakapandwa katika Ziwa Kivu. Leo huko wanaitwa sambaza na wanalisha mwambao mzima wa Kivu. Maji ya Kivu nayo hayakai Kivu. Hutoka Bukavu kwa mto Ruzizi, huzungusha mitambo ya umeme unaowasha taa za Uvira na Bujumbura, hupita Kamanyola na Luvungi, kisha huingia Tanganyika kati ya Kavimvira na Gatumba.

Maji yaliyoonekana kwenye filamu yanashuka kuja huku kila siku. Filamu yenyewe ndiyo bado inangojwa.